Using'oe Mkonge kwa Sababu ya Ramani ya Simu

Ndugu mkulima, tuseme ya kuwa shamba lako liko chini ya Kiritiri, upande wa kuteremkia mto Tana. Una ekari tano. Nusu yake umepanda muguka, na sehemu iliyobaki hupanda ndengu na kunde mvua zinyeshapo. Kati yako na jirani yako pana safu ya mkonge ambayo baba yako aliipanda pamoja na baba yake, mwaka ule maafisa wa ardhi walipokuja kuandikisha mashamba. Tangu siku hiyo hamjagombana juu ya mpaka, ila mara moja tu, mbuzi walipovuka.

Sikukuu moja mwanao anakuja nyumbani kutoka Nairobi. Ana simu nzuri. Ndani ya simu mna picha ya nchi iliyopigwa kutoka angani, na juu ya picha hiyo mtu amechora mistari ya mashamba aliyoitoa katika ramani ya Serikali. Mwanao anakwenda mpaka kwenye mkonge, anatazama kioo, halafu anakuita. "Baba, mpaka wetu haupo hapa. Uko kule ndani, hatua nane katika muguka wa Mzee."

Hatua nane si jambo dogo. Ikiwa mpaka wenu una urefu wa meta 200, ukanda wa meta nane ni meta za mraba 1,600, yaani kama sehemu mbili kwa tano za ekari. Na pale si pori. Pale ndipo jirani yako anapochuma majani ya kulipia karo ya watoto wake. Mwanao amekwisha kutafuta jembe. Anasema kesho asubuhi mkonge ung'olewe, maana ramani ni ya Serikali na simu haisemi uongo.

Mwambie aliweke jembe chini. Huenda simu haikusema uongo, lakini yeye hakuelewa maneno yake.

Kwanza yafaa kujua ramani ile ilitengenezwaje. Zamani ardhi ya Mbeere ilikuwa mikononi mwa koo, na mipaka yake ilikuwa mito, vilima, mawe na miti mikubwa ambayo wazee waliijua mmoja mmoja. Kazi ya kumwandikia kila mtu shamba lake ilianza huku mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaendelea katika miaka ya 1970. David Brokensha na Jack Glazier, wataalamu waliofanya uchunguzi katika Mbeere wakati huo, wameandika jinsi koo zilivyoshindana kwa kesi nyingi, na jinsi habari za mababu zilivyogeuka kuwa ushahidi. Wazee wetu wengine wanazikumbuka kesi hizo mpaka leo, na si wote wapendao kuzizungumza.

Kila sehemu ilikuwa na kamati ya wazee wa pale pale. Wazee walitembea na afisa wa mipaka wakamwonyesha: wa huyu unaishia hapa, wa yule unaanzia pale. Afisa alichukua picha kubwa iliyopigwa kutoka katika ndege. Alitafuta katika picha kijito, njia ya mbuzi au mti aliouona mbele ya macho yake, akachora mstari. Baadaye mistari ilinakiliwa juu ya karatasi nyingine, na karatasi hiyo ndiyo ikawa ramani ya msajili. Mara nyingi kipimo chake ni moja kwa 2,500, maana yake sentimeta moja ya karatasi ni meta 25 za ardhi. Mahali pakavu penye mashamba makubwa kipimo ni moja kwa 5,000.

Kazi hiyo ilifanywa kwa haraka na kwa gharama ndogo. Sisemi hivi kwa kuilaumu. Kama Serikali ingalitaka kupima kila pembe ya kila shamba kwa mnyororo na darubini, watu wengi wangalikuwa bado wanangoja hati zao. Ramani ile ilikusudiwa kukuonyesha shamba la nani linapakana na la nani, na liko upande gani wa njia. Kwa kazi hiyo ni ramani njema. Haikukusudiwa kukuonyesha hatua nane.

Fikiri juu ya unene wa mstari peke yake. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimeta, katika ramani ya moja kwa 2,500, unafunika meta moja na robo ya ardhi. Katika ile ya moja kwa 5,000 unafunika meta mbili na nusu. Mkono wa mchoraji ukitetemeka kidogo, zimekwenda nyingine. Tena karatasi ni kama ngozi: hunywa unyevu ikatanuka, hukauka ikajikunja, na upande mmoja hujikunja kuliko wa pili. Ramani iliyokunjwa na kukunjuliwa ofisini miaka 50 si sawa na ilivyokuwa siku ilipochorwa.

Na kuna jambo la vilima. Picha ya ndege si ramani. Kilima kiko karibu na kamera kuliko bonde, kwa hiyo kileleni vitu huonekana vikubwa zaidi, tena huegemea nje, mbali na katikati ya picha. Tuseme ndege iliruka meta 3,000 juu ya nchi tambarare, na pana kilima cha meta 150. Ikiwa kilele kiko sentimeta kumi kutoka katikati ya picha, kitasogea milimeta tano kutoka mahali pake pa haki. Katika picha ya kipimo cha moja kwa 20,000, milimeta tano ni meta 100! Majirani wawili walio juu ya kilima husogea pamoja, kwa hiyo hubaki majirani, na kamati ya wazee haikuona kosa lolote. Lakini shamba lililo kwenye mteremko huvutwa likawa refu au fupi kuliko lilivyo. Mtu asiyejua jambo hili hushangaa hati yake ikisema ekari saba, naye akipima apata sita na nusu, akadhani ameibiwa.

Sasa karatasi hiyo inaingizwa katika kompyuta. Siku hizi Serikali inazigeuza kumbukumbu za ardhi ziwe za kidijitali. Mwezi wa Aprili 2021 ulifunguliwa mtambo uitwao Ardhisasa, ukianzia Nairobi. Jambo hili ni la faida kubwa, kwa kuwa faili haliwezi tena kupotea kirahisi. Lakini kuipiga picha karatasi yenye kosa hakuondoi kosa. Watu wengi hudhani ya kuwa kitu kikisha kuingia katika kompyuta kimekuwa sahihi. Naona dhana hiyo ndiyo inayowapotosha vijana wetu kuliko nyingine yoyote, kwa sababu kwenye kioo unaweza kuvuta picha ikawa kubwa utakavyo, na mstari ukabaki mwembamba kama uzi. Unene ule wa kalamu hauonekani tena, lakini kosa lake limo mle mle.

Picha ya ramani ikisha kuwa katika kompyuta, ni lazima ilazwe mahali pake juu ya dunia. Mpima hutafuta vitu vinavyoonekana katika ramani na vilivyopo mpaka leo, kama njia panda, daraja au pembe ya shamba la shule, akaieleza kompyuta: hapa katika karatasi ndipo hapa katika nchi. Kazi hii ni sawasawa na kuwamba ngozi ya mbuzi. Umekwisha kuifanya mara nyingi, kwa hiyo utaelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Ukipigilia vigingi vyote upande mmoja, upande huo utanyoka vizuri, na upande wa pili utajikunja na kupeperuka. Ukipigilia kuzunguka pande zote, ngozi yote hutulia.

Watu wengi wanaoziwamba ramani kwa upesi huweka vigingi vyao kando ya barabara, kwa kuwa njia panda na madaraja huonekana wazi, na hakuna haja ya kuchafua viatu. Basi tazama ramani iliyowambwa kando ya barabara ya kutoka Embu tu. Pale barabarani mistari itakaa sawa kabisa. Lakini ukienda kilometa tatu porini, kuelekea mtoni, mistari itakuwa imetoka nje hatua sita, nane au kumi, wala kompyuta haitakuonya. Itasema vigingi vyote vimekaa sawa, na ni kweli, kwa kuwa inavitazama vigingi peke yake. Dawa yake ni mpima kujiwekea akiba: achague mahali pengine kama patano, asipatumie katika kuwamba, halafu mwishowe aende kwa miguu akatazame ramani inasema nini juu ya mahali hapo. Ukiletewa ramani ya kompyuta, muulize aliyeileta swali moja: vigingi vyako ulivipigilia wapi, na ni mahali gani ulipokagua baadaye? Asipoweza kujibu, ramani yake ni ya kutazama tu.

Liko kosa jingine lililo kubwa zaidi, nalo huwanasa hata watu wenye elimu. Ramani za zamani za Kenya, pamoja na zile za moja kwa 50,000 zilizochorwa na wapimaji wa Kiingereza pamoja na wa hapa, hutumia hesabu iitwayo Arc 1960. Hesabu hiyo ilitokana na mlolongo mrefu wa pembetatu zilizopimwa kutoka Afrika ya Kusini hadi Misri. GPS ya simu yako hutumia hesabu nyingine, WGS 84, iliyofanywa kwa setilaiti. Kila moja inaanza kuhesabu mahali pake, kama vile mtu mmoja anapima shamba kuanzia kisimani na mwingine kuanzia mlangoni. Ukichukua nambari za mahali kutoka katika simu, ukaziweka kwenye ramani ya zamani bila kuzigeuza, utakosa kiasi cha meta 300, karibu zote kwa upande wa kaskazini na kusini. Hapo hutakuwa katika shamba la jirani. Utakuwa katika shamba la mtu wa tatu au wa nne. Tena ramani nyingi za mashamba zilifanywa kwa futi, kwa mtindo wa kupima uitwao Cassini, nao hauna budi kugeuzwa pia. Kompyuta huweza kugeuza yote haya kwa dakika moja, lakini ni lazima iambiwe. Basi mtu akikupa nambari za pembe za shamba lako katika karatasi, hakikisha ameandika juu yake ni hesabu gani. Nambari zisizo na jina la hesabu hazina faida.

Na simu yenyewe je? Simu husikiliza setilaiti zilizo juu, kiasi cha kilometa 20,000 kutoka duniani, ikahesabu iko wapi. Mpaka tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliyavuruga mawimbi hayo kwa makusudi ili raia wasipate kipimo kizuri. Siku hizi hayavurugwi, na ziko pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China. Mahali peupe, simu nzuri hukosa kama meta tano. Chini ya mwembe mkubwa, au karibu na ukuta na mabati, hukosa zaidi, kwa kuwa mawimbi hugonga na kurudi. Kwa hiyo katika zile hatua nane za mwanao, tano zaweza kuwa za simu peke yake.

Wengine husema, nitasimama mahali pamoja nipime mara ishirini, halafu nichukue wastani. Wazo hilo si baya. Kosa linaloyumba huku na huku hupungua ukipima mara nyingi. Lakini kosa linalovuta upande mmoja tu halipungui. Unakumbuka yule mnunuzi wa ndengu ambaye mizani yake haikuanzia kwenye sifuri. Ulipima gunia mara tatu, na mara tatu zote ulipunjwa vile vile. Wastani wa mapunjo ni mapunjo. Kosa la Arc 1960 na kosa la ramani iliyowambwa vibaya ni ya namna hiyo. Hata ile picha ya angani iliyo chini ya mistari yaweza kuwa imesogezwa meta kadhaa, na ikibadilishwa mwakani kwa picha mpya, mkonge wako utaonekana umehama, na hali haujaguswa na mtu.

Mpima wa haki hutumia chombo kingine. Chombo kimoja hukisimamisha juu ya mahali palipopimwa zamani na kujulikana sana, na cha pili hutembea nacho. Vyote viwili husikiliza setilaiti zile zile, kwa hiyo kile kilichosimama hukiambia cha pili kosa la saa ile ni kiasi gani. Hapo kosa hushuka likawa sentimeta chache tu. Viko pia vituo vya kudumu visikilizavyo setilaiti usiku na mchana, kama kile cha Kasarani, Nairobi, na kile cha Malindi, na hesabu za nchi nzima hufungwa kwenye vituo vya namna hiyo. Kadhalika juu ya vilima vingi vya Kenya wapimaji walijenga nguzo za saruji. Ukimwona mtu anaibomoa nguzo hiyo kwa kutafuta chuma, au kwa kudhani ndani mna mali, mzuie. Ndani mna saruji tu. Lakini nguzo ikisha kung'oka, vipimo vilivyoanzia hapo vimepoteza kigingi chao.

Sasa turudi kwenye mkonge, maana hapo ndipo penye sheria, na sheria yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema ya kuwa, isipokuwa mpaka umepimwa rasmi na kuandikwa katika daftari kuwa umethibitishwa, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Soma tena maneno hayo kwa mwanao. Mipaka mingi ya mashamba yetu ni ya namna hiyo ya kukadiria. Kwa hiyo, mkonge uliopandwa na wazee wawili mbele ya kamati una nguvu kuliko mstari wa kioo. Ramani na mkonge visipopatana, mara nyingi inayopaswa kurekebishwa ni ramani.

Sheria hiyo inakupasa pia kuutunza ua, mawe au bikoni za mpaka wako zikae vizuri. Na mtu anayeharibu au kuondoa alama ya mpaka bila ruhusa ya Msajili wa Ardhi amefanya kosa la jinai, aweza kutozwa faini au kufungwa, au vyote viwili. Laiti mwanao angaling'oa mkonge ule asubuhi, wewe ndiwe ungalipelekwa mahakamani, hata kama ardhi ile ilikuwa yako kweli!

Huenda utasema, lakini mimi najua mkonge ulisogezwa. Jirani aliusogeza mwaka ule nilipolazwa hospitali. Vema, jambo hilo hutokea. Hata hivyo usianze na jembe, wala usianze na wakili. Mahakama haiwezi kusikiliza kesi ya mpaka wa namna hii kabla Msajili hajauamua. Andika kwa Msajili katika ofisi ya ardhi ya sehemu yako, naye atawaita ninyi nyote wawili na kuja na mpima. Siku hiyo alikeni wazee wanaokumbuka, na yule mama aliyekuwa akichota maji kwa njia ya kando ya mpaka. Ushahidi wake waweza kuwa mzuri kuliko wa simu. Mkipatana kuuthibitisha mpaka, Msajili aweza kuamuru upimwe barabara na kuandikwa, na tangu siku hiyo nambari za mpima zina nguvu. Gharama yake ni kubwa, kwa hiyo majirani wengi huchanga pamoja, hasa wanapotaka kuwagawia wana wao.

Je, simu haina kazi? Inayo, tena kubwa. Itumie kuirekebisha ramani. Mwite jirani yako, mtembee pamoja kando ya mkonge mwanao akiwa na simu, mahali peupe, mkingoja dakika kadhaa katika kila pembe. Pigeni picha ya kila alama, huku mmesimama wote wawili hapo. Andikeni tarehe, na majina ya mawe na miti kama wazee walivyoyaita. Karatasi hiyo haitakuwa kipimo cha sheria. Lakini mpima atakapokuja kuiwamba upya ramani ya sehemu yenu atapata vigingi vingine huko porini, mbali na barabara, mahali ambapo hapo kwanza hapakuwa na hata kimoja.

Tuseme mlifanya hivyo, na ramani ikawambwa upya kwa vigingi vya pande zote. Mwanao anarudi sikukuu ijayo, anasimama pale pale, anatazama kioo. Mstari umerudi kwenye mkonge. Umebaki nje hatua moja na nusu, na hiyo ni unene wa kalamu, na simu, na upana wa mkonge wenyewe.

Na juu ya upana huo, liko neno la shamba. Mkonge hutoa machipukizi, na machipukizi hayo huota mbali na mama yao. Ikiwa wewe unapalilia upande wako kila mwaka na jirani hapalilii wake, safu yote itahamia kwake polepole bila mtu kuihamisha, na baada ya miaka 20 hakuna atakayejua safu ya kwanza ilikuwa wapi. Kabla ya mvua za Oktoba, patananeni siku moja, mkate machipukizi ya pande zote mbili, na ile mikonge mikubwa ya katikati iacheni palepale. Mkonge mama ukitoa mlingoti, ujue utakufa. Chagueni chipukizi moja lililo katika mstari lishike mahali pake, na mlichague mkiwa wote wawili.